Turbo ya Pikipiki ya Barabarani Huchaguliwa kwa Namna Nguvu Inavyoingia

Wengi wanaotaka kufunga turbo kwenye pikipiki yao ya kila siku huanza kwa kuuliza itaongeza nguvu farasi ngapi. Swali hilo lina jibu jepesi mno. Injini ya cc 1,000 yenye silinda nne, ikishindiliwa hewa na kupewa petroli ya kutosha, inaweza kutoa nguvu ambayo tairi la nyuma haliwezi kuifikisha yote kwenye lami. Kinachoamua kama pikipiki itaendesheka ni jambo jingine: busti, yaani presha ya hewa inayoongezwa na turbo juu ya ile ya kawaida, inaanza kwenye mizunguko mingapi ya injini, na inapanda taratibu au inakuja kwa mkupuo.

Kwenye gari, busti ikija ghafla katikati ya kona, matairi manne na uzito wa gari humpa dereva nafasi ya kurekebisha. Pikipiki iliyolala kwenye kona inashika barabara kwa vipande viwili vya mpira, kila kimoja kikikaribia ukubwa wa kiganja. Dereva anavuta mafuta kidogo, hakuna kinachotokea. Anavuta tena, kisha nguvu aliyoiomba mara ya kwanza na aliyoiomba mara ya pili zinafika pamoja. Tairi la nyuma linateleza, au la mbele linanyanyuka akiwa hajanyoosha pikipiki. Ndiyo maana kila uamuzi hapa chini, kuanzia ukubwa wa turbo hadi springi ya westigeti (mlango unaoweka kikomo cha busti), ninaupima kwa kigezo hicho kimoja.

Turbo yenyewe ni magurudumu mawili madogo yaliyo kwenye shafti moja. Moshi unaotoka kwenye silinda unazungusha gurudumu la turbini. Gurudumu la kompresa upande wa pili linavuta hewa safi na kuishindilia kuelekea kwenye injini. Turbo ndogo zinazofaa pikipiki huweza kuzunguka zaidi ya mara 200,000 kwa dakika. Hakuna gia wala mkanda unaoziunganisha na krenkishafti, tofauti na kompresa ya Kawasaki Ninja H2 iliyotoka 2015, ambayo huzungushwa na injini yenyewe kwa gia. Turbo hula moshi, na moshi hutokana na hewa na petroli iliyokwisha kuingia. Ukifungua throtoli, yaani mlango wa hewa unaovutwa kwa mkono, moshi lazima uongezeke kwanza, gurudumu lishike kasi, ndipo presha ipande. Kuchelewa huko hakuondoki kabisa. Hupunguzwa tu, na sehemu kubwa hupunguzwa kabla hujafungua pochi, kwa kuchagua vizuri.

Viwanda vinne vya Japani vilipitia njia hii kati ya 1982 na 1985, na kazi yao bado inafundisha. Honda walitoa CX500 Turbo, Yamaha wakatoa XJ650 Turbo, Suzuki wakaja na XN85, na Kawasaki wakafunga hesabu kwa GPZ750 Turbo. Honda waliteremsha uwiano wa mgandamizo kutoka 10:1 wa CX500 ya kawaida hadi 7.2:1 ili injini isigonge, yaani mchanganyiko wa hewa na petroli usijiwashe wenyewe, na matokeo yake pikipiki ilikuwa nzito na legevu kwenye mizunguko ya chini, kabla busti haijaja. Walipoikuza kuwa CX650 Turbo waliongeza ujazo na kupandisha mgandamizo hadi 7.8:1, na tabia yake ikabadilika mno. Kawasaki walifanya jambo la maana zaidi: waliweka turbo mbele ya injini, karibu kabisa na matundu ya eksozi, wakati Yamaha na Suzuki walikuwa wameiweka nyuma. Mabomba mafupi huhifadhi joto na kasi ya moshi, na moshi wenye joto na kasi ndio unaosukuma turbini. Ukikumbuka mambo hayo mawili, mgandamizo usioshushwa kupita kiasi na mabomba mafupi, umeshika nusu ya somo.

Hesabu ya hewa

Hapa hakuna njia ya mkato, lakini kalamu na karatasi vinatosha. Chukua injini ya cc 1,000 ya mipigo minne. Inajaza silinda zake mara moja kwa kila mizunguko miwili, kwa hiyo kwenye mizunguko 10,000 kwa dakika inavuta lita 5,000 za hewa, yaani mita tano za ujazo. Hewa ya nyuzi 30 za Selsiasi karibu na usawa wa bahari ina uzito wa kilo 1.16 hivi kwa mita ya ujazo. Injini hiyo inakula kilo 5.8 za hewa kwa dakika. Kwa makadirio ambayo mafundi wa turbo huyatumia kila siku, kilo moja ya hewa kwa dakika huzaa nguvu farasi 22 hivi. Jibu ni nguvu farasi 128.

Sasa ongeza busti ya bar 0.5. Nje kuna bar moja, ndani kuna moja na nusu, kwa hiyo uwiano wa presha ni 1.5. Mtu asiyejua atazidisha 128 kwa 1.5 na kufurahi. Hewa ikishindiliwa hupata joto, na hewa ya moto ni nyepesi. Kompresa yenye ufanisi wa asilimia 70 itaipandisha hewa ya nyuzi 30 hadi nyuzi 83 hivi, na uzito wa hewa utaongezeka mara 1.28 tu badala ya 1.5. Unapata kilo 7.4, nguvu farasi 163. Weka kipoza hewa, ambacho wengi hukiita intakula, kikaiteremsha hewa hiyo hadi nyuzi 45, na uzito unapanda hadi mara 1.43: kilo 8.3, nguvu farasi 183. Presha haikuongezwa hata kidogo. Kipoza hewa peke yake kimeleta nguvu farasi 20, na papo hapo kimeisogeza injini mbali na hatari ya kugonga. Nikilazimika kuchagua kati ya kuongeza busti na kuweka kipoza hewa, sifikirii mara mbili.

Anayeishi juu milimani apige hesabu yake upya. Kwenye mita 1,700 presha ya nje ni bar 0.82 hivi. Busti ileile ya 0.5 sasa inamaanisha uwiano wa 1.6, turbo inazunguka kwa kasi zaidi, na hewa inatoka ikiwa na joto zaidi. Turbo iliyochaguliwa kwa pwani inaweza kufika ukingoni huko.

Ukishakuwa na namba hizo, fungua ramani ya kompresa ambayo mtengenezaji huitoa. Mstari wa chini ni wingi wa hewa, mara nyingi kwa pauni kwa dakika (kilo moja ni pauni 2.2), na mstari wa pembeni ni uwiano wa presha. Katikati kuna mizingo kama ya ramani ya mlima, ambapo mzingo wa ndani kabisa ndio wenye ufanisi mkubwa. Weka alama mbili. Ya kwanza ni ya juu kabisa, pauni 18.3 kwa uwiano wa 1.5 katika mfano wetu. Ya pili ni pale unapotaka busti iwe imekamilika, tuseme mizunguko 5,000, ambapo hewa ni nusu yake, pauni 9 hivi. Watu huweka alama ya kwanza na kuisahau ya pili, ilhali ya pili ndiyo utakayokuwa ukiendesha nayo kila siku.

Alama ya pili ikiangukia kushoto kwa mstari wa mwisho wa ramani, kompresa haiwezi kushikilia presha kwa hewa kidogo kiasi hicho. Hewa inarudi nyuma kwa mapigo, unasikia mlio wa kukohoa kwenye mdomo wa kuingizia hewa, na beringi za turbo zinapokea vipigo ambavyo hazikutengenezewa. Alama ya kwanza ikiangukia kulia nje ya mizingo, turbo imezidiwa: inazunguka kupita kiasi na inapasha hewa joto badala ya kuisukuma. Turbo ya barabarani inayofaa ni ile ambayo alama zote mbili zimo ndani, hata kama ya juu haiko kwenye kitovu cha ufanisi.

Kwa kupata picha, Garrett GT1241, moja ya turbo ndogo kabisa za kampuni hiyo, hutajwa kwa nguvu farasi 130 hivi. Ni rafiki wa injini za cc 400 hadi 650 na itaishiwa pumzi kwenye mfano wetu wa cc 1,000 unaotafuta 183. Upande wa pili kuna familia ya GT28, inayofungwa sana kwenye Suzuki Hayabusa ya cc 1,299 au 1,340, injini yenye moshi wa kutosha kuiamsha. Ukiipachika kwenye cc 600 utakuwa na pikipiki ya kawaida hadi karibu na mstari mwekundu wa kipimo cha mizunguko, kisha utakuwa na kitu kingine kabisa kwa sekunde chache, kisha utabadilisha gia na kuanza upya.

Upande wa moshi nao una uchaguzi wake, na hapo ndipo tabia ya pikipiki inapoamuliwa hasa. Nyumba ya turbini hupimwa kwa namba ya A/R: eneo la njia ya moshi likigawanywa kwa umbali kutoka katikati ya shafti hadi katikati ya njia hiyo. Namba ndogo hubana moshi na kuupa kasi, busti inakuja mapema. Namba kubwa huuacha upite kwa uhuru, busti inachelewa lakini injini inapumua vizuri juu. Kwa barabarani mimi huegemea namba ndogo, kwa kikomo. Injini za pikipiki za kisasa zina kamshafti zinazoacha valvu za kuingiza na za kutoa zikiwa wazi kwa pamoja kwa muda. Presha ya moshi kabla ya turbini ikizidi sana busti, moshi wa moto hurudi ndani ya silinda katika muda huo, na injini huanza kugonga hata ikiwa busti ni ndogo. Toboa tundu dogo kwenye manifoldi (mabomba yanayotoa moshi kwenye injini hadi kwenye turbo), weka kipimo, na ukiona presha ya moshi imepita mara mbili ya busti, jua turbini ni ndogo mno.

Injini yenyewe

Pikipiki nyingi za mbio za barabarani hutoka kiwandani na mgandamizo wa 12:1 au zaidi. Injini ya namna hiyo tayari iko karibu na ukingo. Ukiishindilia hewa, mchanganyiko uliobaki kwenye kona ya silinda unaweza kujiwasha wenyewe kabla mwali wa plagi haujaufikia. Huko ndiko kugonga. Kwenye gari unaweza kusikia kama kokoto zinazotikiswa ndani ya kopo. Kwenye pikipiki, kwa kelele za upepo na kofia, husikii kitu. Dalili unaiona ukishafungua plagi: kaure yake nyeupe ina vitone vidogo vinavyong'aa kama fedha. Hiyo ni aluminiamu ya pistoni. Ukiviona, zima mashine na usiiwashe tena hadi ujue sababu.

Kwa injini ambayo haijafunguliwa, yenye mgandamizo wa 12:1 na petroli ya oktani ya juu, busti ya bar 0.4 hadi 0.5 pamoja na kipoza hewa ni mahali pa kusimama. Ukitaka zaidi, shusha mgandamizo. Njia ya haraka ni kuweka bamba au gasketi nene chini ya silinda, lakini bamba hilo hunyanyua kichwa cha silinda, mnyororo wa kamshafti unavutika, na kamshafti zinachelewa kwa nyuzi kadhaa. Lazima uweke sproketi zinazorekebishika ili kuzirudisha. Njia iliyo bora ni pistoni za kufuliwa zenye kichwa cha chini. Zina nguvu zaidi, na nafasi ndogo ya kubana kati ya pembe za pistoni na kichwa cha silinda inabaki kama ilivyokuwa. Nafasi hiyo ndiyo inayoutibua mchanganyiko na kuzuia kugonga, na bamba nene huiharibu. Wala usishuke hadi 8:1 kwa kuogopa. Mtu anayeendesha mjini hutumia muda mwingi bila busti kabisa, na injini ya mgandamizo mdogo bila busti ni goigoi. Kwa pikipiki ya barabarani, 9:1 hadi 9.5:1 ni mapatano ya haki.

Klachi itateleza, hilo lichukulie kama la hakika. Springi ngumu zaidi hutosha kwa busti ndogo, zaidi ya hapo panahitajika klachi yenye vikaze vinavyobana kadiri mizunguko inavyopanda. Bolti za kichwa cha silinda za kiwandani huanza kuvutika busti ikikaribia bar moja.

Petroli na kompyuta

Rudi kwenye nguvu farasi 183. Injini ya turbo huunguza takriban kilo 0.27 za petroli kwa kila nguvu farasi kwa saa. Hiyo ni kilo 49 kwa saa, karibu lita 66, au lita 1.1 kwa dakika. Gawanya kwa nozeli nne, kila moja inatakiwa kupitisha mililita 275 kwa dakika. Nozeli haitakiwi kukaa wazi zaidi ya asilimia 85 ya muda wake, kwa hiyo nunua ya mililita 325 au ya saizi inayofuata juu yake. Kwenye mizunguko 10,000 mzunguko mzima wa kazi huchukua milisekunde 12. Nozeli ndogo haina muda wa kumaliza kazi yake, na silinda inayokosa petroli wakati wa busti huyeyusha pistoni kwa sekunde, si kwa wiki.

Presha ya petroli lazima ipande sambamba na busti. Rekyuleta, kidhibiti cha presha ya petroli, ikishikilia bar 3 huku sanduku la hewa linalolisha injini lina bar 0.5, nozeli inasukuma kwa bar 2.5 tu, na mchanganyiko unakuwa mkavu hasa wakati unapohitaji petroli zaidi. Rekyuleta yenye mpira unaotoka kwenye sanduku la hewa hulitatua hilo, mradi pampu iwe na uwezo wa kusukuma kiasi chote hicho kwa presha hiyo ya juu.

Sensa ya presha ya kiwandani nayo mara nyingi husoma hadi presha ya kawaida ya hewa na kuishia hapo. Kompyuta ya injini haijui kwamba busti ipo. Weka sensa ya bar 2 au 3, na kompyuta inayoweza kupangwa kwa kufuata presha badala ya kufuata pembe ya throtoli peke yake. Throtoli ikiwa wazi nusu, busti inaweza kuwa sifuri au bar 0.4, kutegemea turbo ilikuwa inazunguka kwa kasi gani dakika hiyo. Ramani inayotazama throtoli tu haina njia ya kutofautisha hali hizo mbili.

Sanduku la hewa la plastiki la kiwandani halikutengenezwa kuhimili presha. Litengenezwe la aluminiamu, lenye ujazo usiopungua ule wa injini, na mdomo wa kuingizia usielekee moja kwa moja kwenye silinda moja, la sivyo silinda hiyo itapata hewa kuliko wenzake na petroli ileile.

Oili

Nitakaa hapa kidogo kwa sababu hapa ndipo pikipiki inapotofautiana zaidi na gari. Oili huingia kwenye turbo kwa mpira mwembamba chini ya presha, ikapita kwenye beringi, ikatoka ikiwa imechapwa na kuchanganyika na hewa hadi ikawa povu zito la moto. Kutoka hapo hakuna presha tena. Povu hushuka kwa uzito wake tu. Kwenye gari turbo iko juu ya karta (bakuli la oili chini ya injini), bomba nene linateremka, kazi imeisha. Kwenye pikipiki turbo iliyokaa mbele ya injini, nyuma ya tairi, mara nyingi iko chini kuliko usawa wa oili ndani ya karta. Oili haina pa kwenda. Inajaa ndani ya turbo na kupenya kwenye ringi za shafti, ambazo ni ringi za chuma kama za pistoni na haziwezi kuzuia oili iliyosimama. Matokeo ni moshi wa samawati kila unaposimama kwenye taa. Mwenye pikipiki huambiwa turbo imekufa, hununua nyingine, na nayo hutoa moshi uleule.

Dawa ni kitangi kidogo chini ya turbo na pampu ya kurudisha oili kwenye injini, ama ya umeme ama ya kuzungushwa na injini. Ikiwa ni ya umeme, iwe na taa ya onyo, maana ikizimika turbo itafurika ndani ya dakika chache. Bomba la kutoka kwenye turbo hadi kwenye kitangi liwe nene, milimita 12 kwa ndani au zaidi, bila kona kali. Turbo ya beringi za gololi inahitaji kizuizi chenye tundu la karibu milimita moja kwenye njia ya kuingilia, kwa kuwa oili nyingi kupita kiasi huzidi uwezo wa ringi zake. Turbo ya beringi za kawaida huhitaji oili zaidi na mara nyingi haihitaji kizuizi. Na kwa kuwa klachi ya pikipiki nyingi huogelea kwenye oili hiyohiyo, baki na oili yenye alama ya JASO MA au MA2, viwango vya oili za pikipiki zenye klachi ya namna hiyo. Oili za gari zenye viongezi vya kupunguza msuguano zitaitelezesha klachi ambayo tayari imelemewa.

Westigeti na nafasi ya kila kitu

Westigeti ni mlango unaoachia moshi upite pembeni mwa turbini busti ikifika kiwango. Springi yake ndiyo inayoweka busti ya chini kabisa, na hakuna kifaa cha umeme kinachoweza kuishusha busti chini ya springi. Anza na springi ya bar 0.4. Kuna watu hununua springi ya bar 0.8 wakitegemea kuwa waangalifu na mkono. Mkono hausaidii, busti itafika 0.8 kila moshi unapotosha. Mlango ukiwa mdogo, busti hupanda yenyewe taratibu kwenye mizunguko ya juu hata springi ikiwa imefunguka yote, na hapo panua tundu au hamia kwenye westigeti ya nje. Mpira unaoipelekea westigeti presha ufungwe kwa klipu na uwe mbali na joto. Ukichomoka, mlango haufunguki tena, na busti inapanda bila kikomo. Kwa sababu hiyo kompyuta iwekewe amri ya kukata moto busti ikipita kiwango kwa bar 0.15 hivi.

Kidhibiti cha busti kinachosoma gia ni fedha iliyotumika vizuri. Gia ya kwanza na ya pili zibaki kwenye springi, ya tatu iongezwe kidogo, nguvu yote ije kuanzia ya nne. Valvu ya kupumulia nayo iwepo ili kuachia hewa itoke, kwani kila unapobadilisha gia throtoli hufungwa na hewa iliyoshindiliwa huigonga na kurudi kwenye kompresa.

Kabla ya kuchomelea chochote, fungua springi za shoki za mbele na uziteremshe hadi mwisho. Tazama tairi lilipofika. Nafasi kati ya tairi na nyumba ya turbini, shoki zikiwa zimezama kabisa na usukani umekatwa pande zote mbili, ndiyo nafasi yako halisi. Turbini iliyofanya kazi hung'aa nyekundu. Haitakiwi kugusa mpira, bomba la breki, wala radieta. Manifoldi ibebe uzito wa turbo kwa msaada wa mkono wa chuma unaofungwa kwenye injini, si kwenye fremu, kwa kuwa injini na fremu hazitikisiki pamoja. Kuzungushia kitambaa cha joto mabomba ya chuma chembamba huwasha turbo mapema kidogo, lakini huyapasua mapema pia. Bomba nene lenye kipako cha kauri hudumu.

Kuwasha na kupanga

Pima mgandamizo wa kila silinda kabla ya kuanza kazi. Injini iliyochoka haiponi kwa turbo. Ukimaliza kufunga, ziba mdomo wa kompresa, ingiza hewa ya bar 0.5 kwenye mabomba na upakaze maji ya sabuni kila kiungo. Kisha toa plagi na uzungushe injini kwa stata hadi oili ionekane ikitoka chini ya turbo. Ndipo uweke plagi na kuwasha.

Upangaji ufanyike kwenye mashine ya kupimia nguvu, ukiwa na sensa ya oksijeni ya wigo mpana kwenye eksozi. Bila busti, uwiano wa hewa na petroli wa 13:1 kwenye nguvu kamili unafaa. Busti ikianza, shuka hadi 12 na kisha 11.5. Moto wa plagi urudishwe nyuma kwa nyuzi 1 hadi 1.5 kwa kila bar 0.07 ya busti, kama mahali pa kuanzia. Anza upande wa petroli nyingi na moto uliochelewa, songa kidogo kidogo, na uache kusonga pale nguvu inapokoma kuongezeka, hata kama injini haijagonga.

Ukitoka barabarani, rekodi jambo moja kabla ya mengine: gia ya tatu, mizunguko 4,000, fungua throtoli yote na uache ipande. Angalia mstari wa busti. Mstari huo ukipanda kwa mteremko unaofuata mizunguko, pikipiki itakusikiliza kwenye kona. Ukilala chini kisha ukasimama wima kama ukuta, usiguse petroli wala moto. Tatizo ni ukubwa wa turbini, urefu wa mabomba, au kidhibiti kinachoshikilia mlango wa westigeti umefungwa kwa muda mrefu mno. Kidhibiti cha umeme unaweza kukipanga kianze kuachia mapema, na hilo hulainisha mstari kwa gharama ya busti kidogo ya chini. Ni gharama ninayoilipa kila mara.

Baada ya kilomita 500 za kwanza, ikiwa imepoa, kaza nati zote za manifoldi, tafuta nyufa kwenye maungio ya mabomba hasa pale yanapokutana kabla ya turbini, badilisha oili, na ukate filta yake uone kama kuna chembe za chuma kwenye karatasi. Shika pua ya kompresa na uitikise. Kutikisika kidogo pembeni kwenye turbo ya beringi za kawaida ni sawa. Kutikisika kwa kwenda mbele na nyuma si sawa, na turbo hiyo ishushwe kabla haijapeleka vipande vya gurudumu ndani ya injini.